Uvimbe kwenye ubongo: kwa nini ni mgumu kutibika?

Je, kila uvimbe kwenye ubongo ni saratani?

Hapana. Kuna meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani, hukua taratibu kwa miaka, na ukiondolewa wote mgonjwa anaweza kupona kabisa. Kuna glioblastoma, saratani inayokua kwa kasi na ambayo ndiyo kali zaidi miongoni mwa zile za kawaida zinazoanzia ubongoni kwa watu wazima. Halafu kuna uvimbe ambao haukuanzia ubongoni hata kidogo: seli za saratani ya mapafu, titi au ngozi zimesafiri kwa njia ya damu zikaota kichwani. Kwa watu wazima, huu wa kuhamia ndio unaoonekana zaidi. Kwa hiyo mtu akisema ana uvimbe kichwani, bado hajakuambia anaumwa nini.

Ila usidharau ule usio saratani. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Chochote kinachokua ndani yake hukandamiza ubongo, na mkandamizo huo peke yake unaweza kuua.

Kwa nini madaktari wasiukate wote wakaumaliza?

Kwenye utumbo au titi, daktari hukata uvimbe pamoja na sehemu ya nyama nzima inayouzunguka, ili asibakize mbegu. Ubongoni hana nafasi hiyo. Nyama nzima iliyo pembeni inaweza kuwa ndiyo inayomwezesha mgonjwa kusema, kuinua mkono au kuwatambua wanawe.

Na hata ukikata sana, glioblastoma haina mpaka. Seli zake hupenya katikati ya seli nzima kama mizizi ya mti, mbali kuliko picha ya MRI inavyoonyesha. Katika miaka ya 1920 daktari wa Marekani, Walter Dandy, alithubutu kuondoa nusu nzima ya kulia ya ubongo kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepooza upande mmoja. Hata hapo saratani ilirudi.

Siku hizi wapasuaji hujitahidi kuondoa sehemu kubwa ya uvimbe bila kumwondolea mtu utu wake. Uvimbe ukiwa karibu na sehemu ya lugha, mgonjwa anaweza kuamshwa katikati ya upasuaji. Haumii, kwa sababu ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Ngozi ya kichwa ndiyo hutiwa ganzi. Anaonyeshwa picha: kiti, ndege, mkasi. Anazitaja moja baada ya nyingine huku daktari akigusisha umeme kidogo juu ya ubongo. Akifika mahali mgonjwa akakwama, anaona picha lakini jina halitoki, daktari anajua kuwa hapo hapakatwi, hata kama uvimbe umefika.

Sehemu nyingine hazifikiki kabisa kwa kisu. Kuna saratani ya watoto inayojichanganya na shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi na mapigo ya moyo. Hiyo haikatwi.

Mbona dawa za saratani zinasaidia kwingine na ubongoni hazisaidii?

Kwa sababu nyingi hazifiki. Mishipa midogo ya damu ya ubongoni ina seli zilizobanana mno, na juu ya hapo zina vijipampu vinavyorudisha kemikali ngeni kwenye damu. Kinga hii hutulinda kila siku dhidi ya sumu na vijidudu, lakini haibagui: dawa nazo huzuiwa. Ukiongeza dozi ili ipenye kwa nguvu, utaharibu ini na uboho kabla ya kuuumiza uvimbe.

Temozolomidi ni miongoni mwa chache zinazopenya. Mwaka 2005 utafiti mkubwa ulionyesha kuwa wagonjwa wa glioblastoma waliopewa mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi kwa wastani miezi 14.6, na waliopewa mionzi pekee miezi 12.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini tazama baada ya miaka miwili: waliokuwa hai ni kama 26 kati ya 100, badala ya 10. Mchanganyiko huo ndio msingi wa tiba hadi leo.

Baada ya upasuaji, mionzi na dawa, kwa nini unarudi?

Kwa sababu seli za uvimbe mmoja hazifanani. Tiba huua zilizo dhaifu, na zenye ukaidi hubaki na kuzaana. Mionzi nayo ina kikomo: ubongo ukishapokea kiwango chake, kurudia ni hatari.

Basi hakuna matumaini?

Yapo, na yanategemea sana aina ya uvimbe. Watoto wengi wenye meduloblastoma, saratani ya ubongo inayowapata zaidi watoto, wanaopata tiba kamili hupona. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenibu, kidonge cha uvimbe unaokua polepole wenye hitilafu ya vinasaba vya IDH. Ndiyo maana kipande cha uvimbe kilichotolewa kinapaswa kupimwa vinasaba pale kipimo kinapopatikana.

Dalili zipi zisisubiriwe?

Degedege inayoanza ukubwani, maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri na kuambatana na kutapika, udhaifu wa upande mmoja, kuona kwa shida, au tabia kubadilika bila sababu. Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe, lakini mchanganyiko huu unahitaji kupigwa picha.

Familia imuulize nini daktari?

Ni aina gani, daraja la ngapi la ukali kati ya manne, kiasi gani kimeondolewa, na lengo la tiba ni kuponya au kurefusha maisha na kupunguza mateso. Jibu la swali la mwisho linauma, ila bila hilo mgonjwa hawezi kujiamulia. Akiandikiwa deksamethasoni ya kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, atapata nafuu haraka, pengine ndani ya siku moja au mbili. Asiiache ghafla kwa kuona amepona. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.