Je, wajua? Kwa nini neno moja hubadilisha picha nzima ya akili bandia

Ami yangu ana mashua ya kutembeza wageni, na tangu mwaka jana ananiandama nimtengenezee bango. Picha za kweli anazo, lakini kila moja ina kidole cha mpigapicha pembeni au mgongo wa mtalii katikati. Akasikia kwa vijana wa Mji wa Kale kwamba siku hizi mtu huandika maneno tu, picha ikatoka. Basi tukakaa barazani kwake baada ya magharibi, kahawa chungu na kashata kati yetu, simu mkononi mwangu. Nikaandika: jahazi likipita karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa, jioni, watu wachache ufukweni.

Picha ikaja, wala haikuwa mbaya. Chombo kimekaa vizuri majini, tanga limejaa upepo, mbingu ina rangi ya papai. Ami akaitazama sana. "Hapa pazuri. Watoe tu hawa watu." Nikaongeza maneno mawili mwishoni, "bila watu", nikabonyeza. Ikatoka picha nyingine kabisa: chombo kimegeukia upande wa pili, tanga lina rangi nyingine, ngome imeota minara miwili iliyochongoka, na watu wako pale pale, tena wameongezeka.

"Mwanangu," akasema, "nimekwambia toa watu. Sikukwambia badilisha chombo."

Nimekutana na lalamiko hilo kwa kila mtu aliyewahi kujaribu programu hizi. Unaomba kitu kidogo, unaletewa dunia mpya. Kwa nini?

Ni kwa sababu hakuna kilichobadilishwa. Picha ya kwanza haikuguswa hata kidogo. Mashine haikuirudia ikafuta watu kama mwalimu afutavyo chaki ubaoni. Iliiacha ilivyo, ikaanza nyingine kutoka mwanzo, na mwanzo wenyewe ni chengachenga.

Chenga hizo wa rika langu wanazijua: zile punje nyeupe na nyeusi zilizokuwa zikicheza kwenye televisheni antena ikipindwa na upepo wa kusi. Programu nyingi za kuchora picha, zile zinazotumia njia iitwayo difyusheni, huanzia hapo. Wazo lake la msingi lilitoka mwaka 2015 kwa watafiti walioazima hesabu za fizikia, zile zinazoeleza jinsi vitu husambaa, mfano tone la wino likiingia kwenye maji. Mwaka 2020 Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaonyesha kuwa kwa njia hiyo kompyuta inaweza kutoa picha safi.

Hufunzwa hivi. Huchukuliwa picha ya kweli pamoja na maelezo yake, ikanyunyiziwa chenga kidogo, kisha kidogo tena, mpaka picha ikapotelea humo. Kompyuta huulizwa: chenga zilizotiwa hapa ni zipi? Ikikosea, hurekebishwa. Zoezi hilo likirudiwa kwa mamilioni ya picha, kompyuta huwa hodari wa jambo moja tu, kuzijua chenga na kuzitenga na picha. Halafu inageuziwa kibao. Unaipa chenga tupu, zisizo na kitu chochote ndani, unaiambia: humu mna jahazi, toa chenga. Nayo, maskini, inaamini.

Inatoa kidogo, inatazama kilichobaki, inatoa tena. Hatua 20, 30 au 50, kutegemea programu. Katika hatua za mwanzo huamuliwa makubwa: bahari inaishia wapi, kitu kizito kikae kushoto au kulia, mwanga utoke upande gani. Kamba, viwimbi na nyuso za watu huja mwishoni. Na katika kila hatua maneno yako yote yako mezani, yanaivuta kazi upande wake.

Hapo ndipo neno moja linapozua mambo. Ukiongeza "bila watu", hatua ya kwanza kabisa chenga hutolewa tofauti kidogo na mara iliyopita. Hatua ya pili huanzia kwenye tofauti hiyo, na ya tatu kwenye tofauti iliyokwisha kukua. Ami alilifahamu hili kabla sijamaliza kulieleza. "Kama usukani. Ukikosea upande kidogo tu ukitoka Kilindini, Pemba waipita na huioni."

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba hata chenga tulizoanzia hazikuwa zile zile. Kila ukibonyeza, programu hutengeneza chenga mpya kutokana na nambari moja iitwayo mbegu, na usipoichagua wewe, inajichagulia yenyewe. Uzuri ni kwamba kompyuta haibahatishi kikweli. Mbegu ile ile huotesha chenga zile zile, punje kwa punje. Stable Diffusion, programu ya kuchora picha iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, inakuruhusu kuiona nambari hiyo na kuikaza. Programu nyingi za simu zimeificha, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalowafanya watu waone kazi hii ni kamari.

Mbegu ikikazwa, maneno yakibaki yale yale na mipangilio isipoguswa, picha hurudi ile ile. Kisha ukibadilisha neno moja tu, mara nyingi mpangilio wa picha hushika pale pale, kwa kuwa makubwa yote yalikuwa yakiota kwenye chenga zile zile. Nilifungua programu nyingine inayoonyesha mbegu, nikaanza upya mbele ya ami. Nikaikaza nambari, nikabadilisha rangi ya tanga peke yake, kutoka nyeupe hadi rangi ya kutu. Chombo kikasogea kama upana wa kidole, mawimbi yakabadilika hapa na pale, basi. Ami akatikisa kichwa cha kukubali, mara ya kwanza jioni ile.

Ukitaka jahazi lile lile kwa sura nyingi ili uchague, unafanya kinyume: maneno yanakaa, mbegu inabadilika. Programu nyingine, Midjourney, iliuzoesha ulimwengu mtindo huu kwa kutoa picha nne kwa pamoja na kukuachia uchague ya kuendeleza. Na kuna njia ya katikati, ninayoipenda kuliko zote. Unachukua picha uliyoridhika nayo, unairudishia chenga kiasi, kisha unaiambia mashine imalizie. Kiasi hicho hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Kwenye 0.3 hivi mpangilio unabaki, yanabadilika madogomadogo. Ukifika 0.8, kilichobaki cha picha ya mwanzo ni kama harufu ya karafuu kwenye mkoba uliokwisha kuoshwa.

Sasa wale watu. Mbona nimesema "bila", nao wakaongezeka?

Sehemu ya programu inayosoma maneno katika Stable Diffusion ya mwanzo imetoka kwenye mradi wa kampuni ya OpenAI wa mwaka 2021 uitwao CLIP, uliofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo. Kazi yake ni kulinganisha maneno na picha. Lakini fikiria mwenyewe: nani huweka picha ya ufuo mtupu akaandika chini yake orodha ya visivyokuwepo? Hakuna aandikaye "hapa hapana ngamia". Kwa hiyo mashine imeliona neno watu likiambatana na watu mara zisizo na hesabu, na "bila" imejifunza kidogo mno. Ukiitaja nazi, inaleta nazi. Mtu akiambiwa asifikirie biriani naye huliona sahani nzima.

Dawa yake ni kisanduku cha pili, cha yasiyotakiwa, na jinsi kinavyofanya kazi kunapendeza. Ho na mwenzake Tim Salimans walibuni ujanja huu: katika kila hatua kompyuta hukisia mara mbili, mara moja ikiwa na maneno yako, mara ya pili bila neno lolote. Kisha huchukua tofauti ya makisio hayo mawili na kuikuza, ili picha isukumwe kuelekea maneno yako. Kiasi cha kuikuza unaweza kukibadilisha. Stable Diffusion ya kwanza ilikuja ikiwa imewekwa 7.5. Ukikipandisha kupita kiasi rangi huungua, bahari ikawa kama rangi ya mlango wa duka. Kisanduku cha yasiyotakiwa hukaa mahali pa lile kisio lisilo na neno. Ukiandika humo "watu", bila kusema "bila", kila hatua picha husukumwa mbali na watu. Tukafanya hivyo, ufuo ukabaki na kaa wawili, na ami akasema kaa hawana neno.

Kilichobaki ni lugha, na hapa ndipo sisi wa Pwani tunapopata taabu yetu wenyewe. Stable Diffusion ilifunzwa kutokana na mkusanyo wa LAION-5B, wenye jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo kutoka intaneti, na sehemu iliyotegemewa mwanzoni ni ile ya Kiingereza, kama bilioni 2.3. Neno "jahazi" humo ni mgeni. Linakatwakatwa vipande na kufananishwa na chochote kilicho karibu. Nilipoandika kwa Kiswahili nilipata chombo cha starehe cha matajiri, mlingoti mrefu umesimama wima. Nilipotumia neno la Kiingereza la jahazi nikakaribia, lakini tanga bado lilikuwa limefungwa sivyo. Kilichosaidia ni kuacha kutaja jina na kueleza umbo: chombo cha mbao, tanga moja la pembe tatu, limening'inia kwenye mti mrefu uliolala mshazari, mlingoti umeinama mbele kidogo. Ami ndiye aliyenitajia, mimi naandika. Foromali, yaani huo mti wa tanga, omo ya mbele, tezi ya nyuma, kila kitu alinieleza kama anayemweleza kipofu, na huyo kipofu hasa ndiye tuliyekuwa tukizungumza naye.

Ngome nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mashine ikisikia ngome inaleta kasri la Ulaya lenye minara na bendera. Ya kwetu Wareno waliianza mwaka 1593 ikiwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, pembe zake zimetokeza kama mishale, na haina mnara wowote uliochongoka. Nikaandika hivyo: kuta nene za matumbawe, rangi ya manjano iliyofifia, juu bapa. Minara ikaondoka.

Programu za karibuni zimepunguza taabu hizi. DALL·E 3, mashine ya kuchora ya OpenAI, ilipoingia ndani ya ChatGPT mwaka 2023, maneno yako yalianza kupitia kwanza kwenye modeli ya lugha inayoyaandika upya kwa urefu, hata uwe umeandika Kiswahili. Ni msaada, ila umekuja na deni lake: maandishi hayo mapya huenda yakabadilika kila mara, na picha pamoja nayo, wewe hujabadilisha hata nukta. Nyingine siku hizi huipokea picha yenyewe na kufuata agizo la "toa hiki". Tena ipo njia ya zamani kidogo, ya kupaka kwa kidole sehemu unayotaka ichorwe upya na nyingine zote zikaachwa. Kwa mkono uliochorwa na vidole sita, hiyo ndiyo njia, usihangaike na maneno.

Shangazi, aliyekuwa ndani akitusikiliza muda wote, akatoka na ombi lake: kanga. Pindo likaja zuri ajabu, mji, yaani sehemu ya katikati, umejaa mikorosho, lakini jina, ule msemo wake, likawa herufi za kijini, hazisomeki kwa hati yoyote. Sababu ni kwamba Stable Diffusion ya mwanzo haikuchora kwenye picha yenyewe. Picha ya nukta 512 kwa 512 hufinywa kwanza ikawa gridi ya 64 kwa 64, kazi ikafanyika humo, kisha ikakunjuliwa. Mkorosho unavumilia kufinywa, herufi haivumilii. Mashine pia inajua maandishi yanafanana na nini, bila kujua tahajia. Modeli mpya zinaandika vizuri zaidi, ila kwa kanga ningekushauri uchukue pindo na mji, jina uliandike mwenyewe kwa programu ya kawaida. Jina la kanga likikosewa herufi moja, mtaa mzima utalizungumza.

Tukarudi kwa ami. Chombo sawa, tanga sawa, ngome sawa, watu hawapo. Akaisogeza simu karibu na taa. "Na hili jua ni la wapi?"

Lilikuwa linazama baharini, nyuma ya chombo. Nilikuwa nimelitazama saa nzima nisilione. Hapa kwetu bahari kuu iko mashariki. Mbele ya Ngome jua huchomoza kutoka baharini, na jioni huzama nyuma ya mji, upande wa bara. Mashine imezoea jioni na bahari vikikaa pamoja huwekwa jua katikati. Nikajaribu kulitoa kwa kisanduku cha yasiyotakiwa, picha yote ikaingia ukungu. Nikajaribu kueleza mwanga utoke nyuma ya ngome, chombo kikageuka tena, na ami akaanza kutazama saa yake.

"Hebu ngoja," akasema. "Ile ya kabla ya hizi irudishe." Nambari ya mbegu nilikuwa nimeiandika nyuma ya karatasi ya kashata, kwa hiyo ikarudi vile vile, na jua lake.

"Basi liwe linachomoza. Andika hapo chini: safari saa kumi na mbili asubuhi."