Je, wajua kwa nini chakula hakiishi kwenye meli ya anasa?

Anayevuka Ziwa Victoria kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita hana haja ya kuuliza atakula nini njiani. Safari ni fupi, na njugu za kukaanga zitamfikisha ng'ambo. Sasa fikiria Icon of the Seas, meli ya kitalii iliyoanza kubeba abiria Januari 2024. Ikijaa kabisa huwa na wageni 7,600 na wafanyakazi 2,350. Hao ni karibu watu 10,000 katikati ya bahari, ambako hakuna soko kama Kibuye wala Jubilee ya Kisumu pa kumtuma mtoto akalete nyanya. Hata hivyo mgeni akiamka usiku wa manane na njaa, atapata pa kula. Ukipiga hesabu ya milo mitatu tu kwa kila kichwa, bila vitafunio, ni sahani 30,000 kwa siku na zaidi ya 200,000 kwa wiki.

Inawezekanaje? Wengi hudhani siri ni ukubwa wa friji. Friji ni kubwa kweli, lakini hiyo si siri yenyewe. Mama anayepikia matanga kule Seme au Nyakach hupewa fahali na magunia ya mchele bila kujua watakuja watu mia mbili au mia nane, kwa hiyo hukadiria, na wakizidi huongeza maji kwenye mchuzi. Mpishi mkuu wa meli ana kitu ambacho mama huyu hajawahi kuwa nacho: orodha kamili ya majina. Baharini hakuna mgeni wa ghafla. Hakuna jirani anayepitia, wala anayekuja na shemeji zake watatu. Siku meli inapong'oa nanga, idadi ya midomo imefungwa, na mengine yote hujengwa juu ya hapo.

Orodha hiyo haisemi idadi peke yake. Inaonyesha abiria wametoka nchi gani, watoto ni wangapi, nani ana mzio wa karanga au wa kaa na kamba, nani hali nguruwe. Meli iliyojaa Wachina haipakii shehena sawa na iliyojaa Waitaliano. Juu ya hayo kuna kumbukumbu za safari zilizopita: mayai mangapi yaliliwa, nyama ya aina gani ilibaki, ndizi ziliisha siku ya ngapi. Hata ratiba ya safari inaingia kwenye hesabu. Siku meli imetia nanga bandarini, watu wengi hushuka kutembea na meza za mchana hupwaya. Siku ya bahari tupu hawana pa kwenda, basi wanakula. Mpishi anayejua hilo hapiki chakula cha mchana kilekile siku zote mbili.

Menyu nayo imepangwa. Katika chumba kikuu cha kulia, vyakula hubadilika kila jioni kwa mzunguko unaolingana na urefu wa safari, na pembeni yake huwa kuna vichache visivyobadilika, kwa mfano kuku wa kuoka, samaki wa samoni na nyama ya ng'ombe, kwa ajili ya yule asiyependa majaribio. Mgeni huona uhuru wa kuchagua. Jikoni wanajua, kwa kubahatisha kidogo sana, kwamba kati ya wageni mia, wangapi watachagua nini. Kampuni nyingi huweka kamba mkubwa usiku mmoja tu wa safari, tena usiku wa kuvaa rasmi, na kila mtu hufurahi kwamba ni sherehe. Ni sherehe, sikatai. Pia ni njia nzuri ya kuhakikisha chakula ghali kuliko vyote kinaliwa mara moja na kwa idadi inayojulikana.

Kazi nzito zaidi hufanyika siku ambayo wageni hawaioni. Kwenye safari ya wiki moja, meli hufika bandari yake alfajiri, wageni wa zamani hushuka asubuhi, wapya hupanda kuanzia adhuhuri, na jioni inaondoka tena. Katikati ya saa hizo chache, malori hupanga foleni gatini, na mizigo huingizwa kwa mashine kupitia milango iliyo karibu na usawa wa maji. Nyama, samaki, maziwa na mboga huenda kila kimoja kwenye chumba chake cha baridi, kisije kimoja kikaambukiza kingine. Kuna barabara ndefu ndani ya meli, chini ya vyumba vya wageni, inayotoka mbele hadi nyuma, na mabaharia katika meli nyingi huiita I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Ndimo mizigo inamopita, na ndimo wafanyakazi wanamokimbilia zamu zao huku mgeni juu akidhani meli imelala.

Maji hayahitaji malori mengi. Meli huchota maji ya bahari na kuyatoa chumvi, ama kwa kuyachemsha kwa joto linalotoka kwenye injini, joto ambalo lingepotea bure, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi.

Tuingie jikoni. Jambo la kwanza litakalomshangaza mpishi wa Kisumu ni kwamba hakuna moto. Hakuna mkaa, hakuna mtungi wa gesi, hakuna mwali unaolamba sufuria. Karibu kila kitu kinaendeshwa kwa umeme: majiko, oveni, masufuria makubwa ya mvuke yaliyofungwa sakafuni. Sababu ni kwamba nyumba ikiungua nchi kavu unatoka nje, ila melini ukitoka nje unakutana na bahari. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usalama wa meli ni kali sana kuhusu jikoni. Sufuria ya kukaangia kwa mafuta mengi lazima iwe na kifaa kinachokata umeme wenyewe mafuta yakipata joto kupita kiasi, na bomba la kutolea moshi liwe na mtambo wake wa kuzima moto. Majiko pia huwekewa vizuizi pembezoni ili sufuria isiteleze mawimbi yakichafuka.

Mawimbi yenyewe wageni wengi hawayasikii sana wakiwa mezani. Meli hizi zina mapezi makubwa ubavuni, chini ya maji, yanayogeuka kupinga kuyumba. Isitoshe, chumba kikuu cha kulia mara nyingi huwekwa staha za chini, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu ndivyo kuyumba kunavyozidi. Bafe huwekwa juu, karibu na bwawa la kuogelea, na atakayekula huko bahari ikichafuka amejitakia.

Jioni, chumba hicho kikuu huendeshwa kama kiwanda kilichovaa tai. Kwa desturi ya zamani kuna zamu mbili, ya kwanza mnamo saa kumi na mbili na ya pili kuanzia saa mbili usiku. Mgeni hukaa meza ileile na kuhudumiwa na mhudumu yuleyule safari nzima, ndiyo maana kufikia siku ya tatu mhudumu anajua kahawa yako huitaki na sukari. Kampuni ya Norwegian ndiyo iliyoitikisa desturi hii mwaka 2000 ilipoanza kuuza safari ambazo mtu anakula saa anayotaka, na wengine wakafuata kwa viwango mbalimbali. Jikoni, kila kituo huwa na sahani ya mfano au picha yake, nyama hapa, viazi pale, mchuzi upande huu, ili sahani ya mia tano isitofautiane na ya kwanza. Mkate huokwa usiku, wakati wengine wanacheza muziki.

Kinachoogopwa jikoni baada ya moto ni kuhara. Virusi vya noro hupenda mahali ambapo watu wengi wanashika kijiko kimoja cha bafe, na meli ni mahali hapo hasa. Marekani ina mpango maalumu wa usafi wa meli chini ya taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, CDC. Wakaguzi hupanda bila taarifa na kutoa alama juu ya 100, na meli inayopata 85 au chini yake imeanguka. Chakula cha moto sharti kikae nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini yake. Katikati ya hapo ndipo vijidudu vinapozaliana, kwa hiyo chakula kilichoachwa humo kwa saa nne hutupwa hata kama kinanukia vizuri. Wageni nao hukumbushwa kunawa mikono mlangoni. Kwetu ambako birika na beseni hupitishwa kabla ya ugali kuguswa, hili halihitaji mabango, lakini kuna watu wazima wanaolipa maelfu ya dola na bado wanahitaji kuambiwa.

Mabaki husagwa. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unaruhusu, katika bahari nyingi, mabaki ya chakula yaliyosagwa kumwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyosagwa zaidi ya maili 12. Plastiki hairuhusiwi kumwagwa popote.

Basi ikiwa zote zinahesabu hivi, kwa nini tikiti ya meli moja ni mara kadhaa ya nyingine? Nadhani matangazo hupotosha hapa kwa kuonyesha kamba na kaviari. Tofauti kubwa haimo kwenye sahani, imo kwenye nafasi na mikono. Icon of the Seas ina ujazo wa takriban tani 248,000 za usajili, na tani hizi hupima nafasi iliyomo ndani ya meli, si uzito wake. Ukizigawa kwa wageni 5,610, ambayo ni idadi ya kawaida ya watu wawili kwa chumba, kila mgeni anapata kama 44. Seven Seas Explorer, meli ya tikiti ghali iliyoanza kazi mwaka 2016, ina takriban tani 55,000, lakini hubeba wageni kama 750 tu, na kila mmoja anapata zaidi ya 70. Wafanyakazi wake ni kama 550. Kwa hiyo kwenye Icon mfanyakazi mmoja ana wageni zaidi ya wawili, na kwenye Explorer hafikishi mmoja na nusu. Hapo ndipo mpishi anapoweza kukungoja uagize ndipo aweke nyama jikoni, badala ya kupika mia tatu kwa pamoja na kuzihifadhi kwenye joto. Unacholipia ni kule kungojwa.

Na kuna meli zinazochanganya yote mawili. Kampuni ya Cunard hadi leo hukupangia mkahawa kulingana na chumba ulicholipia: wa vyumba vya kawaida hula Britannia, wa vyumba vikubwa hula Princess Grill au Queens Grill. Ni urithi wa zama za meli za abiria zenye madaraja, na Kisumu inaujua urithi huo. MV Victoria, iliyotengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa, ilianza kazi mwaka 1961 ikizunguka ziwa na madaraja yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilibaki Tanzania, na sasa hufanya kazi kati ya Mwanza na Bukoba.

Mikono hiyo hutoka wapi? Wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, na siku hizi wamo Wakenya pia, baadhi yao vijana waliosomea hoteli na upishi katika vyuo vya huku kwetu. Mkataba huwa wa miezi sita hadi tisa, bila wikendi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki, na zamu za wahudumu hukaribia sana mpaka huo. Wao hula kwenye bwalo lao chini, ambako wali haukosi.

Kwa anayetaka kujaribu, kuna jambo moja ambalo mawakala wa mitandaoni hawalisemi. Mkataba huohuo wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, bila viza, kwa kuwa gharama ya viza ni ya mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini ni jambo tofauti, na Bandari Maritime Academy iliyoko Mombasa huyatoa. Wakala anayedai pesa ili "akushikie nafasi" kwenye meli anavunja mkataba huo kabla hujaiona bahari.