Je, wajua kwa nini daktari wa saratani anauliza kama unameza mafuta ya samaki?

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mgonjwa wa saratani hakosi ndugu wa kumletea kitu. Huyu analeta supu ya kuku, yule juisi ya marakuja, na ndugu aliye Ulaya anatuma chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki: laini, vya manjano, ukivishika dirishani vinang'aa. Nani atadhani vitu vizuri hivyo vinaweza kugombana na dawa inayoteremka na serumu?

Waliolichimba jambo hili ni watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Emile Voest, mwaka 2011 na tena 2015. Dawa yenyewe ni sisplatini. Inaua seli za saratani, lakini pia inachokoza seli shina fulani za mwili, nazo zinamwaga asidi za mafuta zinazoukinga uvimbe usiisikie dawa. Asidi mbili ndizo zilizokamatwa, na moja imo tayari ndani ya mafuta ya samaki! Kwa panya, kiasi kidogo tu cha mafuta hayo kiliivunja dawa nguvu.

Panya si mtu, sawa. Kwa watu, kilichopimwa ni damu ya wazima waliojitolea. Walipokunywa mililita 10 za mafuta ya samaki, yaani vijiko viwili vya chai, asidi ile ilipanda, ikashuka baada ya saa kama 8. Kwa mililita 50 ilikawia zaidi. Ndipo ukatoka ushauri wa kuyaacha mafuta hayo tangu siku moja kabla ya kemotherapia (matibabu ya dawa kama sisplatini) hadi siku inayofuata. Si sumu, basi. Kuna hata madaktari wanaompa omega-3, yaani mafuta ya aina hiyo ya samaki, mgonjwa anayekonda, ila wao wanajua ratiba yake.

Na samaki wa sahani? Heringi na makreli walikutwa na asidi hiyo kwa wingi, salmoni na jodari kidogo. Sambaza wetu, samaki wadogo waliotolewa ziwa Tanganyika wakatiwa ziwa Kivu mwaka 1959, hawakuwa kati ya hao wanne. Mimi sioni sababu ya kumnyang'anya mgonjwa sambaza wake wa kukaanga na bugali. Kopo la makreli, hilo lingoje siku mbili tatu.

Wengi hawamwambii daktari kwa sababu "si dawa, ni vitamini tu". Beba chupa yenyewe, aisome. Ikiandikwa «huile de foie de morue», hayo nayo ni mafuta ya samaki.