Sindano ya Miezi 3: Inamfaa Nani?

Msimu wa dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, ukikaribia, wavuvi wa huku Pemba huanza kuniulizia "ile sindano ya muda mrefu". Nawaelewa. Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, anayechomwa dawa yake kila baada ya wiki 4 akenda dago, tarehe inampita yuko baharini. Wakati wa kuchuma karafuu ni hivyo hivyo.

Ninachokipinga ni kuichukua sindano ile ile ya mafuta, flufenazini au haloperidoli, na kuisogeza hadi wiki 8 kwa sababu mgonjwa "katulia". Dawa hizi huchanganywa na mafuta ya ufuta, zikakaa kwenye msuli na kuingia katika damu kidogo kidogo. Haloperidoli hupungua kwa nusu kila baada ya wiki 3 hivi. Ukikosa tarehe, kesho huoni kitu, wala keshokutwa, na hapo ndipo familia inapodanganyika. Kijana anavua, anaswali, anacheka na wenziwe. Wiki zikipita usingizi unaanza kumruka, anajitenga, anajibizana na sauti asizozisikia mwengine. Nyumbani watasema maruhani yamemrudia, kumbe dawa imemwishia mwilini.

Sindano ya miezi 3 ni dawa nyengine, paliperidoni, iliyotengenezwa kwa chembe ndogo zinazoyeyuka polepole sana. Haianziwi. Mgonjwa hutulia kwanza kwenye ile ya kila mwezi, si chini ya miezi 4, kisha dozi huzidishwa mara 3.5: wa miligramu 150 huhamia 525. Iko pia ya miezi 6, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Katika jaribio la watu 702 lililoilinganisha na ya miezi 3, kwa mwaka mzima zaidi ya 9 katika kila 10 hawakurudiwa na ugonjwa. Bei ya paliperidoni lakini ni kubwa, na kwa wengi wetu ya mafuta ndiyo tegemeo. Ikichomwa kwa wakati wake, inafanya kazi vizuri.

Dawa ikidumu, na madhara yake hudumu. Ikishaingia haitolewi. Anayetetemeka, aliyekakamaa, asiyeweza kutulia kitini, au mwanamke aliyekatikiwa na hedhi, simhamishi mpaka hilo tulishughulikie kwanza.

Mama mmoja aliniuliza, "Dokta, sindano zikipungua si ndio mwanangu keshapona?" Nikamwambia, "Hapana mama, zilizopungua ni safari za kuja kuchomwa. Dawa bado anaihitaji." Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linalonitia hofu zaidi: mtu tuliyekuwa tukimwona mara 12 kwa mwaka, sasa tumwone mara 4 tu? Mimi huwaita katikati hata kama siku hiyo hakuna sindano. Nampima uzito na sukari, nauliza usingizi, na namsikiliza yule anayelala naye nyumba moja, maana yeye huona mabadiliko kabla yangu.

(Kwa wanaouliza kila Ramadhani: wanavyuoni wengi wa leo wanasema sindano ya msuli isiyo ya lishe haifunguzi.)

Mvuvi aliyekwisha kuhamia ya miezi 3 asisubiri tarehe impite. Inaweza kutangulizwa au kucheleweshwa kwa wiki 2, basi aje kabla ya kuondoka, na aje na mtu wa nyumbani mwenye simu.