Hakuna mwanafunzi wa macho wala wa masikio

Hata vyuoni hapa Tabora utasikia kwamba kuna wanafunzi wa macho na wa masikio: huyu apewe video, yule sauti. Nia ni njema, lakini kijana ananyimwa nusu ya somo. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo, wasione ushahidi wa kutosha wa kugawa watu hivyo. Mtu kupenda njia fulani si kuelewa zaidi kwayo.

Kinachoamua ni somo. Matamshi ya Kifaransa yanataka spika. Mzunguko wa damu unataka projekta: mkufunzi aonyeshe moyo ukidunda, asimamishe video vali, yaani vilango vya moyo, zinapofunga, aulize damu inaelekea wapi, na darasa zima liandike jibu kabla hajaendelea.