Je, wajua kwa nini chang'aa yenye sumu humpofusha mtu kesho yake?

Waulize wanywaji wa Obunga, Kisumu, kwa nini glasi moja ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, humwachia mtu kichwa kuuma tu na nyingine humpofusha. Wengi watakwambia mama pima (mwanamke anayeiuza) aliuza ile iliyotoka mwanzo kwenye bomba. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini si ndilo linalojaza mochari.

Chang'aa hupikwa kwa sukari nguru au molasi, unga wa mahindi na hamira. Mchanganyiko huachwa kwenye pipa uchachuke, kisha huwashiwa moto. Mvuke hupita ndani ya bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na matone hukingwa upande wa pili. Kinacholevya humo ni ethanoli. Methanoli, aina nyingine ya alkoholi, huwemo pia, matone ya kwanza yakiwemo, ila kwa kawaida ni kidogo mno kumpofusha mtu. (Simtetei mpishi, ini la mnywaji huharibika hata bila methanoli.)

Balaa huingia pale mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali na faida inone. Haina rangi, inanukia pombe, na ulimi hauwezi kuibaini. Novemba 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mei 2014 ikaua tena makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Magharibi mwa Kenya wanywaji ni wengi zaidi: utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta asilimia 23.8 ya wakazi wa huko wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wakinywa pombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 12.2.

Sasa, kwa nini kesho yake? Methanoli ikiingia mwilini hulevya tu. Ni ini linaloigeuza sumu: kwanza kuwa fomaldehidi, kemikali ile ile ya kuhifadhia maiti, kisha kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia seli kutumia oksijeni, na neva ya jicho, inayohitaji oksijeni kwa wingi, huwa ya kwanza kuumia. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24. Mtu hulala akijiona mzima, akaamka anatapika, tumbo linakata, anahema kwa kasi na mbele yake kuna ukungu mweupe. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha.

Kuna la ajabu zaidi. Kimeng'enya (kichocheo cha kemikali mwilini) cha ini kinachoshughulikia methanoli ndicho kinachoshughulikia ethanoli, na zikiwapo zote mbili huanza na ethanoli. Kwa hiyo anayezimua asubuhi kwa bia huahirisha tu dalili, na macho yakianza kufifia keshokutwa hakuna anayekumbuka glasi ya juzi. Madaktari hutumia siri hiyo hiyo kutibu: humpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo, au dawa iitwayo fomepizoli, huku damu ikisafishwa kwa mashine. Nyumbani huwezi kukisia kipimo hicho wala huna mashine. Mkimbizeni hospitali mara aseme haoni vizuri, na daktari aambiwe bila kufichwa alikunywa nini na saa ngapi.