Bangi, hempu na mambo tunayoyachanganya

Mjadala wa bangi Afrika Mashariki hurudi kila jirani anapotoa leseni au mgombea anapotafuta kura za vijana. Ukirudi, watu hubishania mambo manne kana kwamba ni jambo moja: kuacha kumfunga mvutaji, kutengeneza dawa za hospitali, kulima hempu (bangi isiyolewesha) kwa ajili ya viwanda, na kuuza bangi dukani kama sigara. Nchi inaweza kukubali moja kati ya hayo na kuyakataa yaliyobaki, na nyingi zimefanya hivyo. Maneno mengi ya upotoshaji, kutoka kwa wanaoitetea na wanaoipinga, huanzia kwenye mchanganyiko huo.

"Uganda na Rwanda wameshahalalisha, sisi tunasubiri nini?"

Rwanda haijamruhusu mtu yeyote kuvuta. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwongozo wa bangi ya tiba Oktoba 2020, na amri ya waziri ikatoka Juni 2021. Kinachoruhusiwa ni kulima, kusindika na kusafirisha nje chini ya leseni, katika shamba lenye uzio, kamera na walinzi. Kijana akikutwa na msokoto Nyamirambo, mtaa wa Kigali, anashtakiwa kama alivyoshtakiwa kaka yake miaka kumi iliyopita.

Uganda nako kuna shamba la Kasese linalolima kwa ajili ya soko la nje. Lakini habari iliyosambaa zaidi ilikuwa ya Mei 2023, Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Watu wakashangilia. Majaji hawakusema neno lolote la kuisifu bangi. Waliifuta kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi kutimia. Mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya, safari hii kwa utaratibu.

Hata Uholanzi, ambayo kila mtetezi huitaja, haijahalalisha kama wengi wanavyodhani. Serikali huko hufumba macho ukinunua gramu zisizozidi 5 kwenye maduka yanayojulikana, huku mzigo unaoingia kwa mlango wa nyuma wa maduka hayohayo ukibaki haramu kwa miongo mingi.

"Umoja wa Mataifa umeshaitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya"

Tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, nchi wanachama wa tume ya dawa za kulevya walipiga kura 27 kwa 25, moja ikijizuia, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961. Hilo ndilo jedwali la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari sana na visivyo na faida kubwa kwa tiba. Bangi imebaki kwenye Jedwali la Kwanza, pamoja na mofini. Kura ile ilirahisisha utafiti na dawa. Haikuigusa misokoto.

"Hempu ni mmea mwingine kabisa, haihusiani na bangi"

Hapa wafanyabiashara ndio waliotudanganya, na wamefanikiwa. Hempu na bangi ni spishi moja, *Cannabis sativa*. (Wala si katani ya mkonge tunayoijua Tanga, mkonge ni mmea wa ukoo tofauti kabisa.) Tofauti imewekwa na sheria, kwa kipimo cha THC, kiambata kinacholewesha. Marekani, kupitia sheria ya kilimo ya 2018, iliweka mpaka kwenye asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Chini ya hapo ni hempu, juu ya hapo ni bangi, na mkulima ambaye zao lake limepitiliza hata kidogo anatakiwa kuliteketeza au kulirekebisha kabla halijafika sokoni.

Macho hayaoni asilimia 0.3, na pua ya mbwa wa polisi hainusi tofauti hiyo. Texas iliruhusu hempu mwaka 2019, na ndani ya wiki chache waendesha mashtaka wa kaunti kubwa wakawa wanafuta kesi za bangi, kwa kuwa maabara zao ziliweza kuonyesha kwamba THC ipo lakini si kwamba ni kiasi gani. Anayependekeza hempu kwetu aanze kwa kutuambia sampuli za Tarime, kaskazini mwa Tanzania, zitapimwa wapi, kwa siku ngapi, na gharama ni ya nani.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likitajwa majukwaani, nalo ndilo ningemwambia mkulima kwanza. Mbegu nyingi za hempu ya nyuzi zimezalishwa kwa ajili ya Ulaya, Kanada na China, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu sana. Mmea huu huanza kutoa maua usiku unaporefuka. Ukiupanda karibu na ikweta, ambako usiku una saa kumi na mbili mwaka mzima, hukimbilia kutoa maua ungali mfupi, na mmea mfupi hauna nyuzi za kutosha kulipia hata palizi. Zipo mbegu zinazovumilia tropiki, ila lazima zitafutwe na zijaribiwe kwanza. Tena chavua yake husafiri na upepo kilomita kadhaa, kwa hiyo shamba la hempu lenye madume likiwa jirani na shamba la bangi ya tiba, mwenye shamba la tiba atavuna mbegu badala ya maua anayoyauza.

"Bangi italipa deni la taifa"

Hii ilikuwa ahadi ya George Wajackoyah wa Chama cha Roots kwenye uchaguzi wa Kenya wa 2022, wakati deni lilikuwa limeshapita shilingi trilioni 8. Alichekesha, alijaza viwanja, akapata kura 61,969, sawa na asilimia 0.44. Chai imelimwa Kericho kwa biashara tangu miaka ya 1920 na haijawahi kukaribia kufanya muujiza huo.

Mfano wa karibu ni Lesotho, nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya tiba, mwaka 2017. Wanakijiji wa milimani walikuwa wameilima kwa vizazi. Leseni ilipokuja, ada yake ilikuwa mamia ya maelfu ya maloti, na wanunuzi wa nje walitaka mazao ya nyumba za kioo yenye vyeti vya ubora wa viwanda vya dawa. Waliolima tangu zamani wakabaki nje ya uzio. Kampuni ya Canopy Growth ya Kanada ilinunua kampuni ya huko mwaka 2018. 2020 ikafungasha virago, wakati ambapo hata kwao ilikuwa inafunga mashamba kwa sababu ya bangi kuzidi soko. Wakulima wa Marekani waliovamia hempu mwaka 2019 nao walibaki na maghala yaliyojaa bei ilipoporomoka.

Sisemi hakuna pesa. Nasema mkulima wa Kisimiri, kule Arumeru, ambaye leo anaweza kufungwa miaka 30 kwa shamba lake, si lazima awe ndiye atakayepewa leseni kesho. Kama mswada wa kuhalalisha hausemi chochote juu yake, basi umeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

"Ni mmea wa asili, unatibu mpaka saratani"

Muhogo mchungu nao ni wa asili, na usipolowekwa vizuri hulemaza miguu ya watoto. Uasili si hoja.

Tiba ipo, ila ni finyu kuliko inavyotangazwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa iliyosafishwa ya CBD, kiambata cha bangi kisicholewesha, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. THC iliyotengenezwa maabara imetumika tangu miaka ya 1980 kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani kwa kemikali. Kutuliza kichefuchefu cha mgonjwa wa saratani na kuiponya saratani ni mambo mawili. La pili halijathibitishwa kwa binadamu. Mgonjwa anayeacha hospitali ili anywe mafuta ya bangi aliyouziwa kwenye simu anaibiwa muda, na muda ndicho kitu alichonacho kidogo.

Wala si kweli kwamba haileti uraibu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba takriban asilimia 9 ya wanaoijaribu huishia kuwa tegemezi, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo hukaribia mmoja kati ya sita.

"Ukivuta utakuwa chizi, kisha utahamia unga"

Wengi wanaovuta hawapati ugonjwa wa akili. Ila hatari hupanda kwa anayevuta kila siku, hasa bangi yenye THC nyingi, na kwa mwenye ndugu waliowahi kuugua. Mzazi akimtisha mtoto kwamba kila mvutaji huokota makopo, mtoto humtazama jirani yake fundi anayevuta na kufanya kazi vizuri, na kuanzia hapo hasikii hata onyo la kweli. Kuhusu unga, wengi wa watumiaji wa heroini walianza na bangi, lakini walio wengi zaidi walioanza na bangi hawakufika huko.

"Marufuku waliileta wazungu"

Nusu yake ni kweli. Sheria za kwanza kwetu ni za kikoloni. Lakini bangi iliingia kwenye mkataba wa kimataifa wa Geneva mwaka 1925 kwa msukumo mkubwa wa mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, baada ya serikali ya wazungu ya Afrika Kusini kuwa imeshaanza kulidai hilo. Bara letu lilikuwa kwenye chumba kile, kwa pande mbili zisizopendana. Na upande wa pili wa historia, Kasai, katika Kongo ya leo, miaka ya 1880 ilikuwa na Bena Riamba, jamii iliyojiita watu wa bangi na kuivuta hadharani kama alama ya amani na udugu.

"Serikali inakataza kwa sababu sayansi imeshaamua"

Tazama mirungi. Kenya inaitambua miraa kuwa zao la biashara, na wakulima wa Meru wanasomesha watoto kwayo. Tanzania imeiweka kwenye sheria moja na bangi na heroini. Bunda lilelile, likivuka Namanga, linahama kutoka kapu la mboga kwenda jalada la polisi, na njiani halijabadilika kemikali hata moja. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilipoamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kupanda kwa matumizi yake faraghani, Jaji Raymond Zondo hakusema bangi ni salama. Aliuliza kama madhara yake yanatosha kumruhusu askari aingie nyumbani kwa mtu. Bunge lilichukua mpaka Mei 2024 kupata sheria iliyotiwa saini, na kuuza bado ni kosa: asiye na uwanja wa kupandia ameruhusiwa kuvuta kitu ambacho hakuna anayeruhusiwa kumuuzia.